Tajiri Anapobana Matumizi: Namna ya Kukokotoa na Kudai Stahiki Zako Unapopunguzwa Kazini

Hapa Kigoma mwenye mali tunamwita tajiri, awe ni mwenye maboti ya dagaa pale Katonga, mwenye malori yanayobeba mizigo kwenda Burundi, au mwenye kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam yenye tawi na ghala mjini kwetu. Siku tajiri anapotangaza kwamba biashara imeyumba na kwamba baadhi ya watu watapunguzwa, maneno yanayosikika kwenye vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji ni ya aina mbili tu. Wapo wanaosema kwamba mtu mwenye nyumba tatu Dar es Salaam hawezi kushindwa kulipa, kwa hiyo lazima alipe kila anachoombwa, na wapo wanaosema kwamba kama kampuni imepata hasara hakuna cha kudai, bora kila mtu ashike njia yake. Nimekaa upande wa wafanyakazi katika vikao vya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na naandika mwongozo huu kwa sababu kauli hizo mbili zimewapotezea watu fedha zao, ya kwanza kwa kuwafanya wadai wasichoweza kukithibitisha, ya pili kwa kuwafanya waache kilicho chao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haipimi stahiki za msingi kwa ukubwa wa mfuko wa tajiri. Kampuni yenye faida inaruhusiwa kupunguza wafanyakazi ikiwa ina sababu halali ya kiuchumi, ya kiteknolojia au ya kimuundo, na kampuni iliyopata hasara haisamehewi hata shilingi moja ya mshahara ambao mfanyakazi amekwisha kuufanyia kazi. Utajiri wa mwenye kampuni una nafasi yake, lakini nafasi hiyo iko kwenye meza ya mashauriano, ambako nitafika baada ya kueleza jambo linalowakwamisha wengi mapema kabisa.

Jua kwanza unayemdai ni nani

Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria, mwenye madeni yake na mali yake, tofauti na watu wanaomiliki hisa zake. Mshahara wako unadaiwa kwa kampuni, na kwa kawaida nyumba, gari na akaunti binafsi ya mwenye hisa haviguswi, hata kama mji mzima unajua kwamba kampuni ni yeye na yeye ndiye kampuni. Hali ni tofauti kabisa ikiwa biashara imesajiliwa kama jina la biashara tu, bila kuwa kampuni, kwa kuwa jina la biashara halina uhai wake kisheria, na anayelitumia ndiye mwajiri mwenyewe, anayewajibika kwa mali yake yote.

Kwa hiyo, kabla hujaandika barua yoyote, chukua mkataba wako, kitambulisho cha kazi na slipu ya mshahara, kisha uangalie jina la mwajiri lililoandikwa humo, neno kwa neno. Kama mwisho wa jina hakuna neno linaloonyesha kwamba ni kampuni, tafuta usajili wake BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ambako taarifa za msingi za kampuni na majina ya biashara hutolewa kwa anayeziomba. Madai yaliyoandikwa dhidi ya jina lisilokuwapo kisheria, kwa mfano jina la bango la dukani au la ubavuni mwa basi, yanaweza kukurudisha mwanzo wakati siku za kufungua shauri zinayoyoma.

Meza ya mashauriano

Kifungu cha 38 cha sheria hiyo ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu wazo hilo linapoanza kufikiriwa, atoe taarifa zote zinazohusika ili mashauriano yawe na maana, na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kupunguza mtu yeyote. Kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi, mashauriano ni baina ya mwajiri na chama hicho, na wasio na chama hushauriwa wao wenyewe au kupitia wawakilishi wao. Mambo ya kujadiliwa yametajwa waziwazi: sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, muda wa utekelezaji, na kiinua mgongo. Kama hakuna mwafaka, suala hupelekwa kwa usuluhishi katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na katika kipindi cha siku 30 cha usuluhishi huo mwajiri hapaswi kutekeleza upunguzaji.

Nalisisitiza neno "kabla" kwa sababu nimeona linavyochezewa. Katika kampuni moja mjini hapa tuliitwa kwenye kikao kilichoitwa cha mashauriano, chai na maandazi mezani, meneja akatueleza kwa upole sana kwamba anataka maoni yetu, na wakati anageuza makaratasi yake mmoja wetu akaona orodha ya majina iliyokwisha kuchapwa, yenye tarehe ya wiki mbili nyuma na sahihi mbili chini yake. Tuliomba muhtasari wa kikao uandike kwamba orodha hiyo ilikuwapo kabla ya mashauriano kuanza. Hatukupiga kelele, na sentensi hiyo moja katika muhtasari ilitusaidia kuliko hotuba zote tulizokuwa tumeziandaa, kwa sababu katika shauri la kuachishwa kazi mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa haki.

Hapo ndipo utajiri wa mwenye kampuni unapopata mahali pa kuzungumzwa. Ikiwa sababu iliyotolewa ni ya kiuchumi, ombeni kwa maandishi hesabu zinazoonyesha hali hiyo, kisha muulize maswali yanayotokana na hesabu hizo badala ya maswali yanayotokana na wivu: je, gawio limelipwa kwa wenye hisa mwaka huo huo ambao mishahara inaelezwa kuwa haibebeki? Je, posho na magari ya viongozi vimeguswa kabla ya mishahara ya walinzi na wapakizi? Je, ajira mpya zimesitishwa, saa za ziada zimepunguzwa, wanaotaka kuondoka kwa hiari wameulizwa? Hakuna kifungu kinachomlazimisha tajiri auze nyumba yake ili alinde ajira zenu, na mtu anayewaambia kwamba kipo anawapotosha. Lakini mwajiri anayedai kwamba hana uwezo, huku akikataa kuonyesha uwezo huo ukoje, ametoa notisi yenye taarifa pungufu, na upungufu huo unahesabika.

Namna ya kuchagua watakaoondoka nayo iangaliwe. Kanuni za maadili ya utendaji za mwaka 2007 zinataja vigezo kama urefu wa utumishi, haja ya kubakiza kazi muhimu, uzoefu, ujuzi maalumu na sifa. Kuchagua wanachama wa chama cha wafanyakazi, wajawazito au waliowahi kulalamika, kisha kuliita zoezi hilo kubana matumizi, si kigezo halali. Kanuni hizo hizo zinampa aliyepunguzwa kipaumbele cha kurudishwa mwajiri anapoajiri tena watu wa sifa zile zile, na kwa hiyo ni vizuri kuacha anwani na namba yako ya simu kwa maandishi ofisini siku ya kuondoka.

Kwenye meza hiyo hiyo ndiko mnakoweza kupata zaidi ya kiwango cha sheria. Sheria imeweka kima cha chini cha kiinua mgongo, na hakuna kinachomzuia mwajiri mwenye uwezo kukubali siku 14 au mwezi mzima kwa kila mwaka wa utumishi. Kwa maoni yangu, mtu aliyetajirika kwa migongo ya watu waliopakia chumvi au saruji yake kwa miaka 15 ana deni kwao ambalo halimalizwi na hesabu ya kima cha chini. Hata hivyo, naliita deni la utu kwa makusudi, ili lisichanganywe na deni la sheria: hilo la utu huombwa kwa hoja na kujadiliwa, lile la sheria hudaiwa. Mkipata makubaliano ya kuongeza, yaandikwe na kusainiwa kabla ya kikao kuvunjika, kwa sababu ahadi ya mdomo ya tajiri husahaulika mapema.

Hesabu yenyewe

Unapoachishwa kwa sababu ya kubana matumizi, unastahili malipo ya siku ulizofanya kazi ambazo hujalipwa, malipo ya likizo uliyokuwa na haki nayo hukuichukua, malipo ya sehemu ya likizo iliyokwisha kulimbikizwa katika mwaka ambao haujakamilika, notisi au malipo badala yake, kiinua mgongo, usafiri inapohusika, na cheti cha utumishi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, na kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza wa kazi hupewa siku 7. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, hadi miaka 10, kwa aliyekwisha kutimiza miezi 12. Anayekataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyopewa na mwajiri huyo anaweza kukikosa, kwa hiyo kataa kwa maandishi na utaje sababu.

Tuchukue mfano wa mpakizi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, aliyetumikia miaka 13 na miezi kadhaa. Jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 ili kupata wa wiki, kisha wa wiki kwa idadi ya siku za kazi, na kwa mtu wa siku 6 hilo ni karibu sawa na kugawa kwa 26, kwa hiyo siku yake moja ni shilingi 15,000. Siku 7 ni shilingi 105,000, na ingawa ametumikia miaka 13, sheria inahesabu 10, hivyo kiinua mgongo chake ni shilingi 1,050,000. Kama hakupewa notisi, malipo badala yake ni kama mshahara wa mwezi mmoja, shilingi 390,000. Likizo inayolimbikizwa huhesabiwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi, na kama tangu mzunguko mpya wa likizo uanze amefanya kazi siku 104, anadai siku 8, yaani shilingi 120,000. Akiwa amefanya kazi siku 12 za mwezi ambazo hazijalipwa, anaongeza shilingi 180,000. Jumla ni shilingi 1,740,000, kabla ya usafiri na kabla ya makato halali.

Fanya hesabu hii mwenyewe, kwa kalamu, kabla hujaenda kwa mhasibu. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kiinua mgongo kukokotolewa kwa mshahara wa zamani badala ya ule wa mwisho, na la pili ni mzee aliyekuwa kibarua miaka minne kabla ya kupewa mkataba kuhesabiwa tangu siku ya mkataba tu. Kama mwajiri hawezi kuonyesha mkataba au maelezo ya ajira yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye, kwa hiyo usinyamaze eti kwa sababu huna karatasi. Daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo ya simu na maneno ya wenzako vina thamani.

Wafanyakazi wa msimu, ambao ni wengi katika mawese na katika chumvi ya Uvinza, wasidhani kwamba hayo yote ni ya watu wa ofisini. Anayefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwaka kwa mwajiri yule yule, na jumla ya vipindi hivyo ikazidi miezi 6, ana haki ya likizo yenye malipo. Aliye na chini ya miezi 6 kazini hana ulinzi wa sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo haki, lakini mshahara aliofanyia kazi na notisi ni vyake.

Nauli ya kurudi ulikochukuliwa

Stahiki hii inasahaulika kuliko zote, na kwa mkoa kama wetu ndiyo yenye uzito mkubwa. Ukiachishwa kazi mahali ambapo sipo ulipoajiriwa, mwajiri anapaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi mahali pa kuajiriwa, au akulipe gharama za usafiri huo, na akulipe posho ya kujikimu kwa siku zote kati ya siku ya kuachishwa na siku ya kusafirishwa. Posho hiyo kwa kawaida huhesabiwa kwa mshahara wa msingi wa siku. Fundi aliyeajiriwa Dar es Salaam akaletwa Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, akikalishwa siku 60 akiambiwa nauli yake inashughulikiwa, amelimbikiza siku 60 za posho. Tajiri anayebana matumizi kwa kuchelewesha nauli anajiongezea deni mwenyewe.

Wazee wetu wa Buha wangelielewa jambo hili haraka. Enzi za manamba, yaani vibarua wa mkataba wa wakati wa ukoloni, waliandikishwa hapa, wakapakiwa kwenye treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na swali la nani atamrudisha mtu kwao mkataba ukiisha halikuwa dogo hata kidogo. Leo safari imegeuka, wapo wanaoletwa huku, lakini swali ni lile lile.

Angalia mkataba wako umeandika nini mahali panapotaja pa kuajiriwa, kwa sababu sheria inataka pawe miongoni mwa maelezo ya maandishi ya ajira. Wako watu waliotoka Mbeya kwa barua ya kuitwa kazini, wakasaini mkataba Kigoma ulioandika kwamba wameajiriwa Kigoma, na hawakuligundua neno hilo mpaka siku ya kuondoka. Kama unayo barua ya kuitwa, tiketi au ujumbe wa kukutaka uje, vihifadhi pamoja na mkataba.

Mfuko wa hifadhi ya jamii

Hapa nitasema machache. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hakati zaidi ya asilimia 10 kutoka kwako. Mwanachama aliyeachishwa, aliyechangia si chini ya miezi 18, anaweza kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyejiuzulu mwenyewe halipati, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokubali kuandikishwa barua ya kujiuzulu "ili mambo yaende haraka". Chukua taarifa ya michango yako mapema, maana makato yaliyoonekana kwenye slipu lakini hayakufika kwenye mfuko ni deni la mwajiri.

Karatasi za kusaini, na karatasi za kukataa

Siku ya malipo utaletewa fomu. Isome yote, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Maneno ya kuogopa ni yale yanayosema kwamba umekubali kwa hiari yako kusitisha mkataba, au kwamba umelipwa kila kitu na huna madai mengine yoyote. Kama fedha unayopewa ni pungufu ya hesabu yako, unaweza kuipokea na kuandika kwa mkono kando ya sahihi kwamba umepokea kiasi hicho kama sehemu tu ya malipo, ukitaja kilichobaki, kisha upige picha karatasi hiyo kabla haijachukuliwa. Wakikukatalia kuandika, usisaini. Uliza kwa barua siku hiyo hiyo kwa nini umekataliwa.

Ogopa zaidi kauli ya "nendeni nyumbani, tutawaita." Haina tarehe wala malipo, na tajiri anaweza kusema baadaye kwamba hakumwachisha mtu. Andika barua ukiuliza kama umeachishwa au upo likizo yenye malipo, tangu lini na hadi lini, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Dawa ya deni ni kulipa, lakini mdaiwa asiyeulizwa kwa maandishi hupata usingizi.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Shauri la kupinga kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, na madai mengine ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Usihesabu tangu siku uliyochoka kusubiri. Fomu inayotumika ni Fomu Na. 1 ya Tume, ambayo unaijaza, unampa mwajiri nakala yake na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha katika ofisi ya Tume ya mkoa. Hakuna ada ya kufungua. Mahali pa kuandika unachodai, taja kila stahiki peke yake na kiasi chake, kwa sababu madai yaliyoandikwa kwa jumla, "stahiki zangu zote", humpa upande wa pili nafasi ya kusema kwamba hakujua anadaiwa nini. Kama unapinga pia uhalali wa kupunguzwa, jaza sehemu ya fomu inayohusu kuachishwa isivyo haki; wengi wanaiacha wazi.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambako mengi huisha kwa sababu tajiri hapendi kurudi kila wiki, na hapo unaruhusiwa kuwa na kiongozi wa chama, wakili au mwakilishi wako. Ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi wa Tume, anaweza kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6. Nenda na nakala tatu za kila karatasi, hasa ukitoka Kakonko au Kibondo, ambako kurudi kwa sababu ya nakala moja ni gharama ya siku nzima.

Kama siku 30 zimekwisha kupita, mlango haujafungwa kabisa. Ipo fomu ya pili ya Tume, ya kuomba kuongezewa muda, inayoambatana na kiapo, na ndani yake utatakiwa kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa: siku ulizolazwa na karatasi ya hospitali, siku ulizosafiri na tiketi zake, siku mlizokuwa bado mnazungumza na mwajiri na barua zilizoandikwa katika mazungumzo hayo.